YAH: MALALAMIKO KUHUSU UNGA WENU WA KUSAFISHIA KABURETA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Lebo ya unga wenu inasema "salama kwa metali zote", na inaelekeza gramu 200 kwa lita moja ya maji ya moto, vipuri vilowe usiku kucha. Tulifuata hivyo hivyo. Kabureta mbili, vifaa vya kuchanganya hewa na petroli ya injini, zimekufa, moja ya Peugeot 504, nyingine ya Land Cruiser.

Mnachouza ni kostiki soda. Kwa chuma haina neno, inatoa grisi iliyoganda vizuri sana. Lakini bodi ya kabureta ni alumini au aloi ya zinki, na kostiki inazila zote mbili. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi. Kostiki huuyeyusha utando huo, kisha huishambulia metali yenyewe na kutoa haidrojeni. Yale mapovu mteja anayafurahia akidhani uchafu unatoka, kumbe ni bodi inayoyeyuka. Gesi hiyo inawaka moto, na lebo haikutaja hilo wala glavu na miwani.

Asubuhi bodi zilitoka nyeusi; ukipitisha kidole, kinabaki na unga kama masizi. Tuliweka rula juu ya uso wa gasketi, fila geji (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.3 ikapita chini yake. Uso wa namna hiyo huvuta hewa ya pembeni, mchanganyiko unapungukiwa petroli, na sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, haitulii hata uzungushe skrubu mchana kutwa. Nyuzi za jeti kuu, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, nazo zimelika, jeti inacheza.

Halafu mnashauri jeti izibuliwe kwa waya wa chuma! Jeti ni ya brasi, aloi laini ya shaba, na tundu lake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Likipanuka kidogo tu, gari linakula mafuta na plagi zinajaa masizi. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki na upepo wa kompresa vinatosha. Bodi yenyewe, ukishatoa floti, diaframu na mipira yote, inataka mafuta ya taa na brashi laini.

Tunadai mlipe thamani ya kabureta zote mbili, mwondoe makopo yenye lebo hiyo madukani, na mpya iandikwe wazi: kostiki soda, kwa chuma tu, si kwa alumini wala zinki. Bodi, kopo na risiti tumevihifadhi. Mtumeni fundi wenu aje avione.

Wenu,
Mafundi wa kabureta