Kitonga haiji baada ya Iringa

Mhariri,

Nauza na kukodisha vitabu vya mtumba karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Gazeti lenu nalinunua kila asubuhi, na likishapita mikononi mwa watu wa kutosha nalifungia vitabu vya wateja, kwa hiyo mniwie radhi nikisema nalijua mpaka pindo. Makala yenu ya wiki iliyopita, ile iliyosema Watanzania wachache wanaosoma wanapenda "vitabu vyepesi" na ndio wanaoidumaza fasihi yetu, nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Mwandishi amewapanga wasomaji kwa ngazi. Juu kawaweka wa ushairi na riwaya nzito, chini wa upelelezi na mapenzi, na wa vitabu vya kuku hakuwataja kabisa. Mimi wote hao nawahudumia kwenye meza moja na ngazi hiyo sijaiona.

Ninachokiona ni watu wenye kukagua. Kila mmoja ana kitu anachokitafuta kwenye kitabu kabla hajatoa hela, na akikikosa hapo hana simile.

Kuna dereva wa basi la Mbeya ambaye husoma upelelezi tu. (Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, abiria wa njia ile wamenipungua sana, lakini wa Iringa na Mbeya bado wananipitia, Mungu awaweke.) Amesoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, amesoma Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya 1974, na kila riwaya ya Ben Mtobwa ya mpelelezi Joram Kiango iliyopata kufika mezani kwangu ameichukua yeye kwanza. Mtu wa namna hiyo mwandishi wenu angemweka ngazi ya chini. Sasa sikilizeni.

Nilimkodisha riwaya moja mpya, jalada lina bastola na mwanamke aliyetoa macho, kama ilivyo ada. Akairudisha safari iliyofuata, haijafika nusu.

"Mama Vitabu, huyu bwana hajawahi kupanda basi."

Akanifungulia ukurasa na kuuwekea kidole. Shujaa ametoka Dar saa kumi na mbili asubuhi; saa sita mchana yuko Mbeya, amenawa, anakula wali. Hizo ni zaidi ya kilomita 800, na Mikumi hapo katikati unakwenda taratibu upende usipende kwa sababu ya wanyama. Lakini hilo angeweza kulimeza. Kilichomfanya afunge kitabu ni kwamba gari liliipita Iringa, ndipo likaanza kupanda Kitonga.

"Kitonga unaimaliza kabla hujaiona Iringa! Mlima mzima umemshinda kuuweka mahali pake, huyo muuaji atamficha wapi mimi nimfuate?"

Nilicheka, kisha nikaona ana hoja kubwa kuliko alivyoisema. Msomaji wa upelelezi anachukua kila neno kama ushahidi. Saa, barabara, mlango uliokuwa wazi, kikombe cha chai kilichopoa, vyote anaviweka akiba, maana anajua mwandishi atamdai mwishoni. Kosa la mlima likiingia, hajui tena kama saa iliyotajwa ukurasa wa 40 ni dalili au ni uzembe mwingine. Mchezo umekwisha. Ndiyo maana Bwana Msa, yule mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, mzee wa watu na kiko chake, bado anakodishwa hapa zaidi ya miaka 60 tangu atoke: ukirudi nyuma baada ya kumjua mkosaji, unakuta kila kitu kilikuwa mbele ya macho yako.

Upande wa ushairi ninaye mzee wa Mwembesongo, mstaafu wa reli. Shikamoo yake naitoa nikiwa nimesimama. Anamiliki Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya Sheikh Amri Abedi, chapa ya zamani, na kuiuza hataki hata kusikia. Akishika diwani yoyote hasomi kwanza. Anafungua popote, anaweka vidole ukingoni mwa meza yangu na kugonga: nane, anatulia, nane. Mizani 16, yaani silabi za mshororo mmoja, kina cha kati, kina cha mwisho, halafu mshororo unaofuata. Kijana mmoja aliyejichapishia mashairi yake alituletea nakala tukamsaidie kuuza. Mzee akagonga beti mbili, ya tatu vidole vikazidi. "Mwanangu," akaniambia mimi, maana mwenye kitabu hakutaka kumvunja moyo, "huyu ana maneno mazuri, ila hapa amechoka akakimbilia nyumbani."

Mteja wangu wa pili wa ushairi ni binti wa chuo ambaye haoni haja ya vina. Anayempenda ni Kezilahabi wa Kichomi, diwani ya 1974 iliyowakasirisha wazee wengi kwa kuviacha vina na mizani. Yeye na mzee walikutana hapa siku ya mvua, hakuna pa kukimbilia. Mzee akasema hiyo ni insha iliyokatwakatwa. Binti akamwamkia tena, kwa adabu zote, akamwomba achague shairi lolote la mle na aondoe neno moja tu, neno lolote, kisha asome bila hilo neno. Mzee akajaribu kimyakimya, midomo ikicheza. Akajaribu lingine. Hakukiri kuwa ni shairi, na sidhani kama atakiri kabla ya kufa, lakini alikubali kwamba halina neno la kujazia nafasi. Nilisimama pale nikaona hawa wawili wanatafuta kitu kile kile: neno lisilokaa bure. Mmoja analipima kwa vidole, mwingine kwa kulitoa aone kama nyumba itainama.

Mapenzi je? Dada wa saluni ya jirani anasoma ukurasa wa mwisho kwanza. Watu humcheka. Anasema kuachana au kuoana kwao hakumpi shida, anachotaka kuona ni watafikaje pale. Riwaya ambayo msichana anaugua ghafla na kufa kwa sababu mwandishi ameishiwa huijua kwa kunusa, na hairudishii hata asante. Siku moja aliniambia, "Dada, huyu mwanamke anafanya kazi benki. Nimefika ukurasa wa 120, hajaenda kazini hata siku moja. Nani anamlipa?" Yeye anaamka saa kumi na moja, anasuka mpaka miguu inavimba, anampenda mtu wake katikati ya hayo yote. Anataka mapenzi yenye kodi ya nyumba ndani yake. Na huyu huyu wa vitabu vyepesi ndiye aliyeimaliza Rosa Mistika kwa siku mbili, ile ya Kezilahabi ya 1971 iliyowahi kuondolewa mashuleni na baadaye ikarudi kufundishwa. Aliporudisha hakusema lolote kuhusu uzito wake. Alisema amemchukia Zakaria, baba yake Rosa, kisha akaanza kunieleza habari za baba yake mwenyewe, na mteja aliyekuwa anasubiri kusukwa akasubiri.

Nije kwa kuku, mliowasahau. Mama mmoja wa Kihonda alivuta vitabu vyangu vyote vya ufugaji akavipanga chini kwenye kanga. Hakuangalia jalada wala jina la mtunzi. Kila kimoja alifungua orodha ya yaliyomo, akatafuta chanjo. Kimoja kina picha nzuri za kuku weupe kwenye banda refu la vioo, nchi ya watu, akakiweka kando. Kingine kimesema tu "chanja kuku wako mara kwa mara", nacho kando. Alichonunua kilikuwa kimechakaa, gundi imeachia, lakini kimeandika kwamba chanjo ya kideri ni tone moja la jicho na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kimeeleza namna ya kuibeba isipigwe na jua. "Kuku wangu wanalala juu ya mwembe," akaniambia. "Huyu aliyeandika amewahi kuwakamata usiku." Kwenye kitabu kulikuwa na sentensi inayosema hivyo, kwamba wa kienyeji wakamatwe usiku wakiwa wamelala. Kwa sentensi hiyo moja alitoa elfu tano bila kuomba punguzo, jambo ambalo hapa Msamvu ni la kusimulia.

Watoto ndio wakali kuliko wote. Maneno yakisema mbuzi watatu na picha ikawa na wawili, kitabu hicho hakina maisha. Watakiuliza swali hilo hilo kila jioni mpaka mzazi akirudishe. Vitabu vya dini wateja wake hawana mengi: herufi ziwe kubwa, na asiyemfahamu mwandishi anauliza kasoma wapi na kwa nani. Wanafunzi siwahesabu, wao wanataka kilichotajwa kwenye mtihani, na wengi wanaomba mwongozo kabla ya kitabu chenyewe. Hilo waulizwe walimu. Vile vya jinsi ya kutajirika ndivyo vinavyotoka haraka kuliko vyote na mimi sivipendi, lakini hata wasomaji wake wana jicho. Wananunua kwa bei ya juu nakala iliyopigiwa mistari na msomaji wa kwanza. Wanaamini yule aliyepiga mistari kuliko yule aliyeandika.

Na Aprili 13 ikishapita, watu wanakuja kuuliza vitabu vya washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nafurahi wanapouliza. Nikipata nakala naiweka mbele. Lakini tuzo inamfikisha mtu mezani tu, baada ya hapo anafungua ukurasa wa kwanza na kuusoma akiwa amesimama, mkoba begani, kondakta anapiga kelele gari linaondoka. Huo ndio mtihani wa kitabu ninaouona kila siku, na sijaona jina la mwandishi likiufaulu peke yake.

Kwa hiyo mwandishi wenu akisema wasomaji wanapenda vyepesi, mimi namwomba akae kwenye kiti changu siku moja ya Jumatatu. Atakuta riwaya nzito zinazorudishwa kwa sababu wahusika wote wanaongea kama mhadhiri mmoja, na atakuta za mapenzi zinazokodishwa mpaka uti wa kitabu unakatika. Uvivu ndio unaorudishwa hapa, uwe umevaa joho au gauni la harusi. Nao wachapishaji nawauliza: riwaya yenye safari ya Mbeya ilishindikana vipi kusomwa na mtu mmoja aliyewahi kwenda Mbeya kabla ya kwenda mitamboni? Kazi ya mhariri wa vitabu si kuweka koma tu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Safu yenu ya uhakiki wa vitabu, ambayo sasa inatoka kwa nadra na huandikwa na mtu yule yule, igawanyeni. Upelelezi mpeni anayesafiri. Vya kilimo na mifugo apewe anayefuga, na kabla hajaandika ajaribu kile kitabu kinachosema. Vya watoto vitangulie kwa watoto, kisha mama zao waandike walichosikia. Dada wa saluni hana muda wa kuandika, lakini anaweza kuongea na simu ikarekodi huku anasuka. Dereva wangu amekubali, hataki malipo, anataka gazeti la bure na jina lake lisitajwe kwa sababu ya bosi.

Mzee wa Mwembesongo ameniona naandika, akaniagiza niongeze jambo moja kuhusu ukurasa wenu wa mashairi wa Jumamosi iliyopita. Ubeti wa nne, mshororo wa pili, mizani ni 15. Amehesabu mara tatu na anasubiri masahihisho.

Wenu,
Muuza vitabu,
Msamvu, Morogoro.