Si Watani, Wala Si wa Jadi

Tanga,
14 Juni 2025.

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Barua yako imenifikia salama, na hapa nyumbani sote hatujambo, isipokuwa mama, ambaye goti lake bado linamsumbua kila mvua zikianza. Anakusalimu sana na anauliza utakuja lini.

Ama baada ya salamu, umenieleza kwamba siku ya 26 Mei uliitazama fainali ya mchujo pale Wembley, AFC Wimbledon walipoifunga Walsall 1–0 kwa bao la Myles Hippolyte na kupanda kutoka daraja la nne kwenda la tatu. Nilifurahi kuona kwamba baada ya miaka yote hii bado unaifuatilia timu uliyokuwa ukiichukia. Lakini ukamalizia kwa sentensi moja iliyoniweka macho: kwamba Wimbledon wamewaacha nyuma “watani wao wa jadi”, Milton Keynes Dons, na kwamba ukihesabu matokeo yao yote utaona ni Simba na Yanga wa madaraja ya chini ya Uingereza. Hapo, ndugu yangu, sikubaliani nawe, na kwa kuwa ninalo daftari nilimoandika mechi zao za ligi tangu ile ya kwanza, niruhusu nikujibu kwa urefu.

Nianze na neno lenyewe. Mtani, kama tulivyolelewa kumjua, ni mtu mwenye ruhusa. Anakuja msibani kwako akiwa amevaa nguo kichekesho, anaigiza alivyokuwa akitembea marehemu, analizuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wewe mfiwa unacheka huku machozi yanakutoka, kwa sababu unajua kesho kutwa zamu itakuwa yako. Simba na Yanga wana ruhusa hiyo. Waliojitenga na Yanga mwaka 1936 wakaanzisha timu yao walibaki wakiishi mji mmoja na wenzao, wakioleana na kuzikana. Kati ya Wimbledon na Milton Keynes hakuna ruhusa ya namna hiyo. Kwa mashabiki wa Wimbledon, yule unayemwita mtani hakuja msibani kutania. Yeye ndiye sababu ya msiba.

Utakumbuka mwaka 1988, tulipokuwa watoto, jinsi habari za fainali ya Kombe la FA zilivyotufikia kwa gazeti lililochelewa siku kadhaa. Wimbledon, timu iliyoingia katika madaraja manne ya juu mwaka 1977 tu, ilikuwa imeifunga Liverpool 1–0. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, na kipa Dave Beasant akaupangua mkwaju wa penalti wa John Aldridge, jambo ambalo hakuna kipa aliyekuwa amelifanya katika fainali ya kombe hilo pale Wembley. Wewe na Liverpool yako ulisusa chakula cha mchana. Miaka mitatu baadaye klabu hiyo iliuacha uwanja wake wa Plough Lane ikawa mpangaji kwa Crystal Palace katika uwanja wa Selhurst Park, na mwaka 2000 ikashuka kutoka Ligi Kuu. Tarehe 28 Mei 2002, jopo la watu watatu lililoundwa na Chama cha Soka cha Uingereza liliwaruhusu wamiliki kuihamishia klabu Milton Keynes, mji mpya ulioanza kupangwa mwaka 1967, yapata kilomita 90 kutoka kusini mwa London. Wawili walikubali, mmoja alikataa.

Unajua walichofanya mashabiki. Walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakaitangaza nafasi kwa wachezaji, na watu wapatao 230 wakajitokeza kujaribiwa kwenye nyasi za uwanda wa wazi wa Wimbledon. Mechi yao ya kwanza, ya kirafiki, walifungwa na Sutton United 4–0 mbele ya watazamaji zaidi ya 4,000. Ile klabu ya zamani nayo ilihamia Milton Keynes mwaka 2003 ikiwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na mwaka uliofuata ikabadili jina ikawa Milton Keynes Dons.

Hapa ndipo hesabu yako inapoanza kuyumba, kwa sababu lazima tukubaliane kwanza tunahesabu nini. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na jibu la uhakika kuhusu nani mwenye kombe la 1988, na kama lingebaki Milton Keynes, basi kila mara timu hizi zilipokutana Wimbledon ingekuwa inacheza na maisha yake yenyewe. Mwaka 2006 yalifikiwa makubaliano ambayo kwayo vikombe na kumbukumbu za zamani zilirudishwa katika manispaa ya Merton, kule kule Wimbledon iliko, na Milton Keynes wakakubali kwamba historia yao inaanza mwaka 2004. Ukitaka neno “jadi”, basi jadi ya upande mmoja ina umri wa miaka 21. Kuna mikeka humu ndani iliyo mizee kuliko hiyo.

Vilevile daftari langu haliandiki mechi za makombe, na najua utaniambia kwamba nakwepa. Ni kweli kwamba walikutana kwa mara ya kwanza kabisa katika Kombe la FA, tarehe 2 Desemba 2012, na kwamba Milton Keynes walishinda 2–1 kwa bao la Jon Otsemobor aliloligusa kwa kisigino katika dakika za majeruhi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2014 walikutana mara mbili katika makombe mengine, kila upande ukashinda moja. Lakini kombe ni kura. Mtu anaingiza mkono kwenye chombo, anatoa mpira wenye namba, na watu ambao hawakutaka kuonana wanajikuta uso kwa uso. Ligi haina kura ya aina hiyo. Ili ukutane na mtu kwenye ligi, sharti uwe umefika pale alipo, au yeye awe ameshuka hadi ulipo, na kisha mkutane nyumbani na ugenini, msimu mzima, mkiwa mmeandikwa kwenye msimamo mmoja.

Sasa tazama walivyokutana. AFC Wimbledon walianzia daraja la tisa. Walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa kati ya Februari 2003 na Desemba 2004, wakapanda daraja mara tano ndani ya miaka tisa, na mwaka 2011 wakaingia daraja la nne kwa kuifunga Luton Town kwa penalti jijini Manchester. Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Mei 2016, waliifunga Plymouth Argyle 2–0 katika fainali ya mchujo. Lyle Taylor alifunga la kwanza, na Adebayo Akinfenwa, yule mshambuliaji mwenye mwili kama wa mbeba magunia wa bandarini, akafunga la pili kwa penalti. Msimu huo huo Milton Keynes walikuwa wameshuka kutoka daraja la pili. Mmoja alikuwa anapanda ngazi, mwingine anateremka, wakakutana katikati. Sidhani kama mtu angetunga hadithi hiyo angeaminiwa.

Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa Milton Keynes tarehe 10 Desemba 2016, na wenyeji wakashinda 1–0 kwa penalti ya Dean Bowditch. Ya marudiano, tarehe 14 Machi 2017, ndiyo niliyoipigia mstari kwa wino mwekundu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Milton Keynes kukanyaga uwanja wa AFC Wimbledon, ambao wakati huo ulikuwa Kingsmeadow, uwanja mdogo wa watu wasiofika 5,000. Jake Reeves alifunga, kisha Taylor akafunga, na mechi ikaisha 2–0. Ubao wa matokeo uliwaandika wageni “Milton Keynes” tu, bila lile neno “Dons”, kwa sababu neno hilo limetokana na silabi ya mwisho ya jina la Wimbledon na wenyewe wanaona limeibwa. Wasimamizi wa ligi waliifungulia klabu mashtaka kwa jambo hilo, na mwaka 2018 yakafutwa baada ya mazungumzo. Nakuuliza: uliwahi kusikia Yanga wakishtakiwa kwa kukataa kuliandika jina la Simba? Mtani unamtaja kwa sauti, tena unamwongezea majina. Unayeshindwa hata kumwandika si mtani.

Msimu uliofuata Milton Keynes walilipa kisasi pale pale Kingsmeadow, 2–0, mwezi Septemba 2017, na ile ya Januari 2018 iliisha kwa suluhu ya bila kufungana, mechi ambayo sina la kusema juu yake. Ila mwishoni mwa msimu Wimbledon walishika nafasi ya 18 na Milton Keynes nafasi ya 23, wakashuka. Kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa juu ya yule aliyeirithi nyumba ya baba yake, na hakuhitaji kumfunga ili afike hapo. Hili ndilo ninalotaka ulione. Ukihesabu mechi moja moja, hasa zile za miaka ya katikati, Milton Keynes wana sababu ya kujivuna, na mimi siwezi kukuficha hilo. Lakini kumbukumbu ya ligi kati ya timu hizi imo zaidi katika swali la nani yuko daraja gani mwaka gani, hata katika misimu ambayo hawakuonana.

Ndiyo maana msimu wa 2018–19 una mstari wake katika daftari, umeandikwa “hawakukutana”. Walirudi kuwa pamoja mwaka 2019, baada ya Milton Keynes kupanda. Kisha likaja jambo ambalo bado linanisikitisha. Novemba 2020 Wimbledon walirejea Plough Lane, katika uwanja mpya uliojengwa hatua chache tu kutoka pale palipokuwa ule wa zamani, baada ya miaka 29, na kwa sababu ya korona uwanja ulikuwa mtupu. Milton Keynes walipofika huko kwa mara ya kwanza, tarehe 30 Januari 2021, walishinda 2–0 mbele ya viti vitupu, na kocha Glyn Hodges, aliyeichezea Wimbledon ile ya zamani, akaachia ngazi siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wamechanga fedha na kusubiri kwa miaka ili waipokee timu ile nyumbani kwao kwa kelele zote walizokuwa nazo, na ilipofika hapakuwa na mtu wa kupiga kelele.

Mwaka 2022 Wimbledon walishuka, huku wenzao wakimaliza nafasi ya tatu na kuukosa mlango wa daraja la pili katika mchujo. Mstari mwingine wa “hawakukutana”. Mwaka 2023 Milton Keynes nao wakashuka, wakakutana tena, safari hii daraja la nne, chini kuliko walivyowahi kukutana kwenye ligi.

Tarehe 2 Machi 2024, Plough Lane ikiwa imejaa, mechi ilikuwa bado 0–0 dakika za majeruhi zikiyoyoma, na mimi nilikuwa nimeshaandika sufuri mbili kwenye daftari kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika katika na nilitaka kwenda kulala. Dakika ya 94 Ronan Curtis akafunga, na watu wakamwagika uwanjani. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Wimbledon dhidi yao tangu ule wa Machi 2017, na wa kwanza kabisa Plough Lane. Ile sufuri niliyoikata bado inaonekana, sikutaka kuandika ukurasa upya. Septemba 2024 waliwafunga tena hapo hapo, 3–0, siku chache tu kabla ya mafuriko ya mto Wandle kuufanya uwanja udidimie na kuacha shimo, hata mechi ya Kombe la Ligi dhidi ya Newcastle ikalazimika kuhamishiwa kwa Newcastle wenyewe.

Msimu umeisha, Wimbledon wa tano na kupanda kwa mchujo ulioutazama, Milton Keynes wa 19. Kwa hiyo nimeshachora mstari wa 2025–26 na kuandika neno lile lile, kwa wakati ujao. Labda utasema nitakosa raha kwa kuwa hawatakutana. Hapana, sahibu. Nilipokuwa nasoma maoni ya mashabiki wa Wimbledon baada ya fainali, niliona wengi hawaitaji Walsall wala Wembley. Wanashukuru tu kwamba kwa mwaka mzima hawatalazimika kuamua kama waende au wasiende kule Milton Keynes, kwa kuwa wako ambao hawajawahi kukubali kuukanyaga uwanja ule. Sijui ni mtani gani ambaye watu hufurahi hivyo kutomwona.

Ukija mwezi wa nane nitakuonyesha daftari, na sufuri yangu iliyokatwa. Niletee kalamu ya wino mwekundu, hizi za dukani kwetu zinavuja.

Wasalaam,

Rafiki yako wa siku zote