Nsimire, acha kwanza hivyo vidonge

Nsimire dada yangu,

Mesaji yako nimeisoma jana usiku nikaona nikuandikie vizuri juu hii jambo siwezi kuipitisha hivi hivi. Unasema huna raha toka mvua zianze, na kuna mtu alikuambia ukule mayayi na nyama kila siku sababu mle kuna triptofani, kipande kimoja cha protini (asidi amino), na triptofani ndiyo ubongo unatengenezea serotonini, kemikali yenye kusaidia hali ya moyo. Na sasa wanakuuzia hata vidonge vya triptofani. Juu ya triptofani na serotonini huyo mtu alisema kweli. Ila kufika ku ubongo ndiyo kazi.

Kati ya damu na ubongo kuna mlango, na triptofani inagombania nafasi hapo na asidi amino zingine kama leusini, valini na tirosini, kama watu wanavyosukumana huku bandarini Bukavu boti ya Goma ikitaka kuondoka. Sasa mu nyama, mayayi, sambaza, triptofani iko kidogo kuliko hizo zingine, kwa hiyo ukikula protini nyingi zenzake zinajaa mlangoni yenyewe inabaki nyuma. Fufu tupu ndiyo inaisaidia: insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, inatoka, inapeleka hizo zingine mu misuli, njia inafunguka. Watafiti Fernstrom na Wurtman walionyesha hii kwa panya kule Marekani mwaka wa 1971. Lakini weka protini hata kidogo ku sahani na hiyo faida inapotea, na nani huku kwetu anakula fufu bila sambaza ao maharagi? Usiache kuvikula, mwili unavihitaji.

Ndizi nayo wanaisifia bure, serotonini yake haivuki ule mlango. Hata ya mwili wetu, karibu 90% iko mu matumbo na haipandi kichwani. Tena serotonini kutengenezwa si kutolewa ifanye kazi: seli za ubongo zinaitoa zikiamshwa, ingine inavunjwa humo humo.

Kitu kilinigusa sana, watu walipewa kinywaji chenye asidi amino bila triptofani. Wengi wenye hawajawahi kuugua huzuni hawakubadilika, lakini baadhi ya wale waliopona kwa dawa za huzuni zenye kupandisha serotonini, huzuni iliwarudia mu masaa machache tu. Kwa hiyo huo ni ugonjwa, dada, usijilaumu juu ya sahani yako.

Na hivyo vidonge vya triptofani wanakuuzia, usivichanganye na dawa ya huzuni munganga alikupatia, pamoja vinaweza kupandisha serotonini mpaka ikuletee kutetemeka, homa, moyo kwenda mbio, ni hatari kabisa. Mupelekee munganga avione, umuambie na hiyo huzuni yote usimufiche kitu. Kama unaogopa kwenda peke yako nipigie, nitakuja Goma twende wote.

Zawadi