Vyoo sita, shimo moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua nyumba za zamani zilizokarabatiwa hapa Magomeni, kwa kuwa mwaka jana mimi na mdogo wangu tuliunganisha viinua mgongo vyetu tukanunua moja.

Ni ile nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma. Muuzaji alikuwa ameigeuza. Marumaru mpaka uani, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, na kila chumba kimekuwa masta, choo na bafu ndani. Dalali akasema tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Barabara ya Morogoro mwaka 2016, wafanyakazi wa mjini wanavitafuta sana vyumba vya namna hiyo, havikai wazi. Hapo alisema kweli.

Karatasi tulizichambua kama mchele. Tulifanya upekuzi wa hati, tukahakikisha mke wa muuzaji ameridhia, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka kwa nyumba ya wanandoa. Majirani tuliwauliza habari za mipaka tu. Shimo la choo hatukuliulizia.

Masika yalipoingia, maji machafu yalipanda chumba cha nyuma, kwa mama mwenye mtoto mchanga. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, mtoto kifuani. Ile sura yake sijaisahau. Fundi alivunja marumaru za uani kutafuta mfuniko, akakuta shimo lilelile la zamani, lililochimbwa kwa choo kimoja cha kumwagia maji kwa kopo. Sasa limeungwa vyoo sita vya kuvuta, na huku kwetu, karibu na bonde la Msimbazi, mvua zikikolea maji ya ardhini nayo yanapanda. Gari la majitaka likija, mpira wake unapita koridoni, milangoni mwa watu wanaokula.

Bibi wa nyumba ya pili, aliyeliona shimo hilo likichimbwa, aliniambia, "Mwanangu, ungeniuliza."

Basi ninyi mnaonunua, waulizeni wazee na wapangaji: shimo liko wapi, lina ukubwa gani, hujaa baada ya muda gani. Lifunuliwe mlione kabla ya kulipa hata shilingi. Na manispaa nawaomba: anayeongeza vyoo katika nyumba ya kupangisha, afisa afya akague shimo lake kabla mpangaji hajaingiza godoro. Watu wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hawawezi kuhama kesho yake.

Yule mama tumemrudishia kodi yake. Shimo jipya tunachimba mbele, gari lifike kutoka barabarani. Imebidi tuvunje baraza, walipokuwa wakikaa kina mama jioni. Tutalijenga tena.

Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam