Risala ya kikundi cha wenye ugonjwa wa retina kwa Mgeni Rasmi, mwaloni Kirumba, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na mtaa, viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni), wavuvi, mama zetu wa dagaa, ndugu wanachama: Mwangaluka!

Tunakushukuru kwa kuja kukaa nasi chini ya turubai hili. Harufu ya dagaa utatusamehe, ndiyo inayotusomeshea watoto.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianzia gizani. Mwenyekiti wetu alikuwa mvuvi wa dagaa, na kama unavyofahamu, dagaa huvuliwa siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Wenzake walikuwa wakirukia mtumbwi wa pili bila shida, yeye anapapasa. Taa aliiona, kamba iliyo mguuni pake hakuiona. Wakasema analewa. Walipogundua hanywi, wakasema karogwa. Wengine walimshauri ale karoti na maini, na kweli, mtoto asiyeona usiku kwa kukosa vitamini A anaweza kupona. Yeye hakupona. Miaka ilipita hadi daktari alipomtia dawa ya kutanua mboni, akamulika ndani ya jicho.

Ugonjwa wetu unaitwa retinitisi pigimentosa. Retina ni utando ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Chembe zake za kuonea gizani ndizo hufa kwanza, kidogo kidogo, kwa miaka. Kisha unaanza kupoteza pembeni, hadi unabaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Duniani humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000. Hauambukizi, ni wa kurithi, na mara nyingi baba na mama wote wanaona vizuri kabisa, kila mmoja kabeba jeni yenye hitilafu bila kujua. Hili tunalisema kwa sauti kwa sababu wapo akina mama hapa waliorudishwa kwao, eti wameleta upofu ukweni.

Tiba? Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba kwa wenye hitilafu ya jeni moja tu kati ya nyingi, iitwayo RPE65. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Hatukukuita kwa ajili hiyo, Mheshimiwa, usishtuke. Ila mtoto wa jicho hutuwahi sisi mapema kuliko wengine, na huyo anaondolewa kwa upasuaji, ndiyo maana tunasindikizana kupanda kilima cha Bugando kwenye kliniki ya macho.

Kinachotuuma ni kuitwa waongo. Sheria inatenga asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Mwenzetu mmoja, mchuuzi wa dagaa, alikwenda ofisi fulani kuulizia. Akapewa fomu, akaisoma na kuijaza mwenyewe. Aliyempokea akamwambia: "Mama, wewe unaona. Waachie walemavu." Mama akainuka, akageuka, akajikwaa kwenye benchi lile lile alilokuwa amelikalia. Watu wakacheka.

Alikuwa hadanganyi. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye jicho lake lililo bora halioni zaidi ya nyuzi 10 kutoka katikati huhesabiwa kipofu, hata kama anasoma gazeti.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, wanaopokea maombi ya mikopo waelekezwe kuulizia cheti cha daktari, wasitupime kwa kututazama. Pili, ngazi za kushukia majini zina rangi moja na mchanga, na tumeanguka hapo vya kutosha. Rangi ya njano ya kupaka kingo tumeshainunua kwa michango yetu, ipo stoo. Tunaomba kibali tu.

Mheshimiwa, mimi ninayesoma risala hii ni mmoja wa hao wanaosoma lakini wanahesabiwa vipofu. Herufi ninaziona, wewe uliyeketi kulia kwangu sikuoni. Nitakapokukabidhi nakala, naomba usimame mbele yangu kabisa. Ukinyoosha mkono kutoka pembeni nitakupita, na waheshimiwa watadhani nimekudharau.

Naomba kuwasilisha.