Meza ya chuo iwekwe karakanani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nichangie mjadala wa vyuo na viwanda. Siku hizi haipiti wiki bila kusikia kituo kipya cha ubunifu kimezinduliwa, utepe umekatwa, na mgeni rasmi amewaambia vijana wajiajiri. Mimi ni mkamuaji wa alizeti hapa Singida. Nina mashine mbili za kukamua, mashine moja ya kukereza iliyochoka kuliko mimi, na cheti cha ufundi sanifu, FTC, nilichokipata mwaka 1989. Vyuo nakuwa navitazama kutokea upande huu, wa vumbi na mashudu, yale makapi ya mbegu iliyokwisha kukamuliwa.

Nianze na shafti. Roho ya mashine ya kukamua ni ile shafti yenye meno ya mzunguko, inayosukuma mbegu kuelekea kwenye tundu jembamba. Meno yakilika, mbegu haibanwi sawasawa. Huhitaji kipimo kulijua hilo. Chota mashudu yakiwa bado ya moto, yafumbate. Yakishikamana kama tonge na kukuachia mafuta kiganjani, jua mafuta ya mteja yanakwenda kuliwa na ng'ombe. Msimu ukikolea, shafti yangu haimalizi wiki tatu kabla haijalika. Tunaitoa, fundi anaijaza kwa kuchomelea, tunaikereza, tunairudisha. Siku mbili zimekatika hapo, na wakulima wamekalia magunia yao nje wananitazama. Wenye haraka wanaita guta wanahamia kwa jirani.

Miaka kadhaa iliyopita niliiviringisha shafti kwenye kiroba nikapanda nayo basi hadi chuo kimoja, jina lake nalihifadhi. Nilitaka kujua jambo moja tu: chuma hiki ni cha aina gani, na nikijaze kwa vijiti gani vya kuchomelea ili kidumu. Getini niliulizwa nina miadi na nani. Ofisi ya kwanza ikanipeleka ya pili, ya pili ikanieleza niandike barua kwa mkuu wa chuo, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Kampuni yangu ina mhuri, nembo haina. Wakati nasubiri kwenye korido nilichungulia dirishani nikaiona mashine ya kupima ugumu wa chuma, imefunikwa nailoni, vumbi juu yake limekaa kama la dukani kwa mangi aliyesafiri. Hatua kumi na tano kati yangu na jibu! Nikarudi Singida na kiroba changu. Barua niliandika, na nilijibiwa baada ya miezi minne: nimealikwa kwenye kongamano la ushirikiano wa vyuo na sekta binafsi. Shafti ilikuwa imeshajazwa mara tano.

Mwaka uliofuata nikaletewa kijana wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya wiki nane, mwaka wa tatu, uhandisi mitambo. Siku tatu za kwanza hakusema kitu, alikuwa anazunguka na daftari. Siku ya nne aliomba chekeche la unga kwa mama lishe, akamimina gunia zima la mbegu kidogo kidogo, akapima kilichobaki chini kwenye mizani. Mchanga na vumbi la mawe, kilo moja na robo kwa gunia moja. Alizeti yetu wengi tunaipiga kwa fimbo chini, na si kila mkulima ana turubai. Kumbe muda wote nilikuwa naisaga shafti yangu kwa mchanga, halafu nalaumu vijiti vya kuchomelea. Mtu mwenye FTC!

Kijana akachora chekeche la kutikisika linaloendeshwa na mota ndogo, mbegu ipite hapo kabla ya kuingia mdomoni mwa mashine. Tukaanza kuchomelea fremu. Wiki ya nane ikaisha fremu ikiwa imesimama, lakini mtikisiko ulikuwa unafungua nati zote. Mwalimu wake alikuja mara moja, akakaa nusu saa, akasaini daftari, akanipa fomu nijaze: nidhamu, mahudhurio, uvaaji. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza kijana ametatua nini. Kijana naye akaondoka, na ripoti yake ikaenda kukaa rafu za chuo. Mimi nakala sikupewa. Mwaka wa pili akaja mwingine, msichana hodari sana, akaniuliza maswali yale yale ya mwenzake kuanzia la kwanza. Hadi leo nimepokea vijana saba, na kila mmoja ameanzia sifuri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hotuba za kwenye uzinduzi. Tunaambiwa vijana hawana pa kubunia, wajengewe kumbi zenye intaneti na viti vya rangi. Pa kubunia pamejaa tele. Kinachokosekana ni mahali ambapo shida ya kiwanda inabaki mezani baada ya mwanafunzi kuondoka, mwenzake akija aikute ilipoishia, pamoja na mchoro, vipimo, na makosa yaliyokwisha kufanyika.

Wala tusijidanganye kwamba wazo la kuunganisha utafiti na uzalishaji limeingia nchini jana. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. TIRDO, ya utafiti wa viwanda, ilikuja 1979, TEMDO ya Arusha, ya usanifu wa mitambo, 1980, CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na taasisi yake ya ubunifu wa uzalishaji, IPI, mwanzoni mwa miaka hiyo ya themanini. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ikafuata kwa sheria ya 1986, na pale kwake Kijitonyama, Dar es Salaam, ndipo zilipokuja kuzaliwa Buni na DTBi, vituo vya kulea wabunifu na kampuni changa, ambazo nazisifu kwa upande wa teknohama. Programu ya simu mtu anaweza kuiandika akiwa Kijitonyama ikatumika Singida. Shafti haitumwi kwa simu. Lazima ishikwe, inuswe ikiungua, isikilizwe ikigonga.

Wenzetu wa Ghana walilitambua hilo mapema. Chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Kumasi, kile cha KNUST, kilianzisha kituo chake cha ushauri wa teknolojia mwaka 1972. Baada ya miaka michache wakaona fundi wa mjini haendi kampasi, na hata akienda hajisikii kwake. Mwaka 1980 wakafungua karakana ya chuo katikati ya Suame Magazine, mtaa wa mafundi wa magari na vyuma ambao anayeijua Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi atapata picha yake, ila wenyewe ni mkubwa zaidi. Walimu na mafundi wa chuo wakawa wanafanya kazi mtaani. Fundi aliyekwama alivuka barabara tu, amevaa ovaroli yake, hakuna wa kumwuliza barua. Wapo waliojifunza kukereza pale wakaenda kufungua karakana zao. Serikali yao ilipoona inafaa, mwaka 1987 ikaunda mradi wa kuipeleka mikoani karakana ya namna hiyo.

Hata hapa kwetu mfano upo. Dakta Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Watu wanasifu nano, ile teknolojia ya chembe ndogo mno iliyo ndani ya chujio, mimi nasifu kwamba kwao ni Karatu. Maji mabaya aliyajua kabla ya kuijua maabara. Asiye na bahati hiyo ya kuzaliwa ndani ya shida inabidi tumkalishe kando yake, na wiki nane hazitoshi.

Sasa kuna mradi wa HEET, wa kuboresha vyuo vikuu ili visaidie uchumi, dola milioni 425 za Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2021. Pamoja na majengo, unavitaka vyuo vipitie upya mitaala na viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Ni jambo jema. Ila wasiwasi wangu ni kamati hizo zitajaa mameneja wa kampuni kubwa wanaojua kuketi mikutanoni, na mwenye mashine mbili atabaki kusikia matokeo redioni. Halafu kuna suala la mhadhiri mwenyewe. Anapandishwa cheo kwa machapisho. Akishinda hapa kwangu mwezi mzima tukalimaliza chekeche, kwenye fomu yake ya kupanda daraja ataliandika wapi? Nampenda mwalimu aliyekuja nusu saa, simlaumu sana. Alikuwa na wanafunzi arobaini wa kuwazungukia mikoa mitatu, na posho ya siku chache.

Na sisi wa viwandani tuna ya kwetu. Wengi tunampokea mwanafunzi wa fildi kama kibarua wa bure: beba gunia, fuata chai, fagia. Nauli hatumpi. Kibaya zaidi tunaficha. Ukimwonyesha mgeni mashine inapovujia, unahofu kesho jirani atajua, au mgeni mwenyewe ni mtu wa kodi. Mimi nilimficha yule kijana wa kwanza kwamba mota moja ilikuwa ya kuazima, akapoteza siku mbili kupiga hesabu za umeme zisizokuwa na maana.

Ninachoomba hakihitaji utepe. Kila eneo la viwanda vidogo, kama yale ya SIDO mikoani, litengewe chumba kimoja cha chuo kilicho karibu. Kiwe na meza, vifaa vya kupimia, kabati la michoro, na fundi sanifu mmoja anayelipwa na chuo ambaye hahami kila Septemba. Mwenye shida aingie na kiroba chake. Mwanafunzi achukue shida hiyo iwe mradi wake wa mwaka wa mwisho, atetee kazi yake mbele ya mwalimu na mbele ya mwenye mashine, na wote wawili wampe alama. Nakala ya ripoti ibaki kabatini, kwa Kiswahili, ili fundi wangu aliyeishia darasa la saba aisome bila kuniita.

Na kwa kuwa nimesema, nitoe. Nyuma ya mashine zangu kuna stoo, futi ishirini kwa thelathini, yenye umeme wa njia tatu. Kuanzia Januari mpaka alizeti ianze kuvunwa inakuwa tupu. Chuo chochote kitakachokuwa tayari kuweka meza humo, pango sitaki na umeme nitalipa mimi. Fremu ya lile chekeche bado imesimama kwenye kona, na nati zake bado zinafunguka.

Wako,

Mkamuaji wa alizeti,
Singida