Barua ya wazi kwa wazazi vijana wanaotaka kumwita mtoto Arjun

Wanangu wa jamii za Kihindu mlioko Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, salaam nyingi.

Jina Arjun limewakolea, na ni jina zuri. Shida yangu ni jinsi mnavyolichagua: mnafungua orodha kwenye simu, mnasoma maana ya maneno mawili, basi. Orodha hizohizo ndizo zinazowaambia kwamba Aarav ni amani, ilhali kamusi ya Kisanskriti inasema ārava ni kelele, ukelele, mngurumo. Kwa mtoto mchanga huenda hiyo ndiyo maana ya kweli zaidi.

Arjuna, umbo la Kisanskriti la Arjun, ni weupe unaong'aa, kama fedha au kama mapambazuko. Argentum ya Kilatini, yaani fedha, ni ya ukoo mmoja nalo. Katika Rigveda, nyimbo za kale za ibada, neno hili limewekwa mkabala na krishna: mchana mweupe, usiku mweusi. Lakini anayedhani anampa mwanawe jina la weupe wa ngozi aisome Mahabharata, utenzi wa kale ambao Arjuna ni mmoja wa mashujaa wake, kwenye kitabu cha Virata. Humo mwanamfalme Uttara anamtaka Arjuna, aliyejificha kama mwalimu wa ngoma, athibitishe kwamba ni yeye kweli kwa kueleza majina yake kumi: Arjuna, Phalguna, Jishnu, Kiriti, Shvetavahana, Bibhatsu, Vijaya, Krishna, Savyasachi, Dhananjaya. La kwanza analieleza kwa rangi yake adimu na matendo yake safi. Krishna, anasema, alipewa na baba yake kwa sababu ya weusi wa ngozi yake. Mtu mmoja, majina yote mawili.

Orodha hiyo ya majina kumi ina faida nyingine. Kama ukoo umeshajaa akina Arjun, yamebaki tisa. Vijay tumelizoea, Jishnu na Dhananjay hayasikiki sana, nami ningeyapendekeza kabla ya majina mapya yanayotungwa kwa kuunganisha silabi za baba na mama. Kumbukeni pia kwamba yupo Arjuna mwingine, Kartavirya, mfalme wa mikono elfu aliyeuawa na Parashurama. Huyo siye.

Jina halikubaki kwenye utenzi. Nguzo ya mfalme Samudragupta iliyoko Prayagraj (zamani Allahabad), ya karne ya 4, inawataja watu walioitwa Arjunayana. Arjunavarman alitawala Malwa, India ya kati, mwanzoni mwa karne ya 13. Guru Arjan (1563–1606), wa tano wa Masingasinga, ndiye aliyekusanya Adi Granth, kitabu chao kitakatifu, mwaka 1604. Tangu 1961 India huwatuza wanamichezo wake Tuzo ya Arjuna, na Desemba 2024 Arjun Erigaisi alivuka pointi 2800 kwenye sataranji, Mhindi wa pili baada ya Viswanathan Anand. Jina lenye watu wa namna hii kila zama halichakai.

Sasa falaki, maana hapo ndipo mnapoharibu. Nakshatra, yaani vituo vya mwezi angani, ni 27, kila moja ina pada (robo) 4, na pada aliyokuwamo mwezi mtoto alipozaliwa ndiyo inayotoa silabi ya kuanzia jina, hivyo silabi za majina ni 108. Silabi A ni ya pada ya kwanza ya nakshatra ya Krittika, ndani ya Mesh, buruji ya Kondoo. Kwa herufi za Mesh Wagujarati hukariri "a, la, i". Mwezi huvuka pada moja kwa takriban saa 6. Mkimwandikia bibi yake aliyeko Rajkot, India, kwamba mtoto kazaliwa "saa 2 usiku", yeye atasoma saa nane za usiku wetu, na tofauti hiyo ya saa 6 ni pada nzima! Andikeni 20:00, saa za Afrika Mashariki, pamoja na mji. Msijiongezee zile saa 2 na nusu za India. Kazi hiyo mwachieni mpiga falaki.

Wapo watakaowaambia kwamba Paraskara, mwandishi wa kale wa kanuni za ibada za nyumbani, anataka jina la mvulana liwe na silabi mbili au nne, na Arjuna ina tatu. Ni kweli kwa Kisanskriti. Kwa Kigujarati na Kihindi a ya mwisho haitamkwi, zinabaki mbili. Msibishane.

Shangazi, foi, ndiye mwenye haki ya kulitamka jina huku mtoto akibembezwa kwenye kitambaa kilichoshikwa pembe nne. Kubalianeni naye tahajia kabla hamjajaza fomu ya hospitali, na jina la kudekezea lisiingie humo. Arjun linatosha. Arjuna ni sahihi, ila maofisa wa nchi nyingine wataiona a ya mwisho wamdhanie msichana. Arjan ni la Kipunjabi, Arjoon ni la Mauritius na Trinidad. Lolote mtakalochagua, liwe hilohilo kwenye cheti, pasipoti na shuleni.

Majirani watamwita Arjuni. Mwacheni aitwe hivyo. Kagueni kadi za mwaliko za Kigujarati kabla hazijachapwa: r ya Arjun ni kialama kidogo kinachokaa juu ya j, na kikidondoka mtoto anakuwa Ajun.